Hina ya Otto

Jumatatu, 16 Juni

Dinah ametamka! Jumamosi, kwenye harusi ya Zamzam, mimi ndiye nitakayeshika hatamu kutoka getini hadi mlango wa ukumbi, kule Maple Grove. Nikifika salama, msimu huu nitakuwa dereva wa gari la farasi. Nikiharibu, narudi kwenye koleo na toroli la mavi mpaka nizeeke. Hayo ya mwisho Dinah, bosi wangu, hakuyasema. Niliyasoma usoni mwake.

Brandon, dereva wetu, hakufurahi. Alisema punda wa Lamu na farasi wa mji huu wa Savage ni vitu viwili. Wivu huo! Mimi nimekua na punda. Farasi ni punda aliyepata chakula.

Ila kuna tatizo dogo. Tangu Ramadhani nimemwambia ami Abdalla, babake Zamzam, kwamba dereva ni mimi na Brandon ni msaidizi wangu.

Jumanne, 17 Juni

Kutwa nimekuwa na Otto na Bess. Nimewasugua, nimewachokoa kwato, nimewapapasa shingo nikitafuta vidonda vya kola. Hakuna. Weupe wote wawili, wazuri. Otto hukaa kushoto, Bess kulia, na hawabadilishani hata malishoni. Mmoja akipelekwa kupigiliwa viatu vya chuma, mwenzake hulia mpaka arudi. Mchana Bess humwekea Otto kidevu mgongoni, akasinzia hapo hapo. Mimi na Swafiya hatujawahi kukaa hivyo hata siku ya fungate.

Kasoro moja. Mkia wa Otto una madoa ya manjano, hayatoki kwa sabuni yoyote. Dereva gani ataingia harusini na mkia kama huo?

Jumatano, 18 Juni

Nimepata wazo nikiwa natazama bakuli jikoni! Swafiya huwapamba maharusi, na amekanda hina ya Zamzam. Bakuli zima. Msichana ana mikono miwili tu. Kijiko kimoja au viwili vikipungua, haitaonekana.

Alhamisi, 19 Juni

Dinah na Brandon walikuwa mjini Saint Paul na gari la farasi wengine. Nafasi!

Nilianza na ncha ya mkia tu. Ikapendeza. Nikaona shingo itauonea wivu, nikapaka singa zote za shingo. Halafu miguu ya mbele hadi magotini, maana bi harusi hapakwi nywele peke yake. Nikafunga kila kitu kwa mifuko ya plastiki. Kisha nikatoka naye nje, mbali na nyasi kavu (mimi si mjinga), nikawasha chetezo nikamfukiza udi tumboni na kifuani. Nikamaliza kwa marashi ya mawaridi, chupa nzima.

Otto alisimama kimya muda wote. Aliniamini.

Bess atapakwa kesho. Hina imeisha.

Ijumaa, 20 Juni

Chungwa! Si nyekundu ya kuiva niliyoizoea, ni chungwa la soda. Nimemwosha, nimemsugua. Likazidi kung'aa.

Na hilo si kubwa. Nilipomrudisha kwa mwenzake, Bess alimnusa, masikio yakalala nyuma, akamng'ata begani. Otto akadhani ni mchezo, akamwendea tena. Akapigwa teke. Akajikunyata kwenye kona, anamtazama tu.

Dinah alikuja akauliza hiyo ni harufu gani. Akanieleza taratibu kwamba farasi humjua mwenzake kwa pua, na huyo aliyerudi, kwa Bess, ni mgeni kabisa. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Swafiya alifoka. Alisema ameolewa na mtu aliye-waste hina ya bi harusi kwa mnyama, tena mnyama mwenyewe hata si wa kwake. Ikabidi a-drive hadi Frogtown kutafuta paketi nyingine, huku wageni wanamngoja. Nilijitolea kumsindikiza. Alisema nishuke garini.

Jumamosi, 21 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Asubuhi Dinah aliniuliza kama Bess ameshamkubali Otto. Hajamkubali. Nikasema ndiyo, nimewaona wakinusana. Niliziona hatamu mkononi mwangu, ulimi ukatangulia.

Tukapanda barabara ya 169, farasi ndani ya trela, ubao katikati yao. Maple Grove, getini, wageni wote wako nje na simu zimeinuliwa. Tukawatoa. Tukawasogeza kwenye mti wa gari, ule wanaofungwa huku na huku yake. Bess akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia, akarudi nyuma akitetemeka mwili mzima, jasho linamtoka. Otto akalia naye. Dinah akasema fungua, rudisha, basi. Hatawalazimisha farasi wake kwa harusi ya mtu yeyote.

Ami Abdalla akaniuliza mbele ya watu, dereva hasa ni nani. Nikaangalia viatu vyangu. Brandon angeweza kujibu. Akamshika Bess, akamrudisha kwenye trela.

Zamzam akapelekwa hadi mlango wa ukumbi kwa Toyota ya mjomba wake. Kabla hajapanda aliweka mikono yake yenye hina kando ya shingo ya Otto, akaniambia akicheka: “Uncle Yasser, we're matching!” Eti wamefanana. Yeye peke yake ndiye aliyecheka. Nilitaka kulia.

Jumanne, 24 Juni

Koleo. Toroli. Mavi.

Otto na Bess wametenganishwa kwa uzio. Otto hamalizi nyasi zake. Hulia, halafu hutega masikio. Bess hajibu. Nimejuta. Kiti cha dereva nimekipoteza, sawa, nilijitakia. Lakini huyu alikuwa na rafiki, na rafiki huyo nimemnyang'anya mimi, kwa marashi ya dukani.

Dinah amenipa kazi moja. Nisifanye chochote. Nisimwoshe, nisimpake, nisiwasogeze. Harufu itaisha yenyewe. Sijawahi kupewa kazi ngumu kama hii.

Brandon ameniletea kahawa, akasema naye aliwahi kukosea. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kahawa iliniuma zaidi.

Ijumaa, 27 Juni

Alhamdulillahi! Leo asubuhi Bess alinyoosha shingo juu ya uzio. Akamnusa Otto, akamnusa tena, akaweka kidevu mgongoni mwake. Nililia wazi wazi, nimekalia toroli. Dinah akafungua uzio. Akanishika bega, akasema ameona kwamba nikitaka naweza kuwaacha walivyo, na kama nitaendelea hivyo tutazungumza tena habari ya hatamu. Yeye na Brandon wakaenda mjini.

Nimewatazama mchana kutwa wakikunana mabega kwa meno. Furaha tupu. Ila mmoja ni chungwa, mwingine mweupe. Nani atakodi farasi wawili wasiofanana? Tena ukifikiri vizuri, kosa langu halikuwa hina wala udi. Kosa lilikuwa kumpaka mmoja! Wangenukia sawa wote wawili, nani angemng'ata nani?

Swafiya ameficha hina nyuma ya mfuko wa mchele. Nilijua. Iko hapa. Makaa yameshika, na Bess amefumba macho, ametulia, ananiamini.

Nitaanza na ncha ya mkia tu.