Operesheni Kausha Adui

Wananchi wote wajulishwe kwamba mji sasa uko tayari kwa vita. Adui bado hajapatikana, lakini mchakato wa kumpata unaendelea vizuri.

Aliyeanzisha ni Mkurugenzi wa Maji. Jumapili alikuwa kanisani anapiga usingizi wake wa kawaida, akashtuka pale mhubiri aliposema mfalme Hezekia aliziba chemchemi zote nje ya mji, ili jeshi la Ashuru likija likute ukame mtupu. Mkurugenzi akatikisa kichwa, mambo si ndiyo hayo! Akasinzia tena. Ile sehemu ya mfalme kuwachimbia watu wake mfereji wa kuingiza maji mjini ikampita hivihivi.

Jumatatu Kamati ya Kudhibiti Kiu ya Adui ikafunga mabomba yote. Na haraka ilikuwepo, maana Ijumaa Waziri alikuwa anakuja, na minong'ono ilisema anakuja kumpandisha mtu cheo. Mkurugenzi alikitaka hicho cheo mpaka anakitaja usingizini.

"Bosi," akauliza katibu wake, "hawa wavamizi ni kina nani?"

"Siri ya kimkakati."

"Na sisi tutakunywa nini?"

"Dada, wewe ni mvamizi?"

"Hapana, bosi."

"Basi agizo halikuhusu. We kunywa tu."

Hoja ilikuwa safi kabisa. Kilichopungua ni maji.

Nyumbani mkewe alimpokea mlangoni na sufuria chafu.

"Baba watoto, hebu nioshee hii kwa mkakati wako."

"Vumilia, mama watoto. Adui atakiona cha moto!"

"Adui yuko wapi? Mbona ninayekiona ni mimi?"

Ijumaa msafara ukaingia, magari meusi yamefuatana kama siafu. Waziri akala. Akaongezewa, akala. Katikati ya hotuba tumbo likanguruma mpaka kipaza sauti kikalisikia, akatoka mbio kuelekea chooni.

Watu wakasikia bomba likikohoa.

"Maji!" Waziri akapiga kelele.

Mkurugenzi akasogea mlangoni kwa heshima zote. "Mheshimiwa, huo ndio ulinzi wenyewe. Mvamizi akiingia, atakuta hali hiyohiyo."

"Niletee ndoo, wewe!"

"Nikileta ndoo, Mheshimiwa, na adui naye si ataomba?"

Ndani ikasikika karatasi ikikunjuliwa. Kisha Waziri akatoka, hamwangalii mtu, akajitupa garini. Msafara mzima ukageuza na kutimua vumbi. Kina mama waliojipanga na ndoo tupu nje ya ofisi wakapiga vigelegele.

"Wamekimbia! Jamani, operesheni imefanya kazi!"

Mkurugenzi alikuwa anakimbia pembeni ya dirisha la gari, tai begani.

"Mheshimiwa! Ile barua yangu ya uteuzi?"

Kioo kikashuka kidogo.

"Nilikuwa nayo mfukoni."

"Na sasa?"

"Imetumika."