Rodrigue na mulango ya nyumba yake

Asubuhi ile radio ilisema ma-irresponsables wote waliopora muji wa Bunia warudishe vitu vya watu. Kwa kibanda ya kahawa ya Adeline, Dominique, tunayemuita Komunike kwa sababu hakuna habari inayomupita, akauliza: irresponsable, kwa kinywa chetu, ni nani?

"Ni maibobo," Mathieu akajibu.

Siye wote tukageukia Rodrigue. Akaangalia ndani ya kikombe.

Haikuwa siri. Juma lililopita risasi zilipolia, Rodrigue aling'oa mulango ya nyumba yake ili waporaji wasiibebe, akakimbia nayo mugongoni mpaka porini. Mama ya bibi yake, mukwe wake muzee Gertrude mwenye miguu mibaya, akabaki kitandani. Bibi yake Véronique alikuwa sokoni. Aliporudi, akamuita maibobo mbele ya majirani, akamukataza kukanyaga kiwanja mpaka mama yake aseme neno. Na mama hajasema. Basi Rodrigue analala kwa Mathieu, na juu ya ile mulango Adeline anapangia vikombe.

Ubishi ukaanza. Komunike akadai lile neno lilipanda na madereva wa malori toka Goma, huko ni watoto wanaolala inje. Mathieu akakataa kabisa: mutoto wa inje hana kwao, lakini maibobo mwenyewe iko na nyumba, iko na bibi, na anaishi kama mbuzi iliyokata kamba.

"Mulitaka nibebe bokilo?" Rodrigue akauliza. "Kwetu mutu hagusi mama ya bibi yake hata mukono. Mulango haina mwiko."

"Si ungeita mutu mwingine amubebe," Komunike akasema.

"Nani? Weye ulikuwa mbele yangu, na kuku ya jirani kwapani."

Tulikuwa tungali tunacheka wakati mama Gertrude alitokea, fimbo mukononi, polepole. Rodrigue akajificha nyuma ya Mathieu, heshima ya bokilo. Mama naye hakumutazama. Alisema na Adeline, kama vile yule mwingine iko mbali kule Tchomia.

"Adeline, umuambie yule mutu. Siku ile askari walifika mpaka kizingitini. Mumoja akasema: hii haina hata mulango, wamekwisha kuipora, twende. Miye niko chini ya blanketi, ninawasikia."

Mathieu akauliza kwa adabu kama basi Rodrigue si maibobo tena.

"Ni maibobo kabisa," mama akasema. "Lakini arudishe mulango leo, baridi inaniua. Na risasi zikilia tena, aing'oe mbio, asiningojee."