Usingizi wa Wetu na Usingizi wa Wao

Jumatatu, 7 Oktoba
Siku tamu sana. Diwani Renata Pulaski, mgombea umeya wa upande wao, amepigwa picha akisinzia kwenye kikao cha bajeti. Mdomo wazi! Nimekaa na picha hiyo hewani asubuhi nzima. Redio haionyeshi picha, kwa hiyo nimeisimulia mpaka tone la mate. Nimesema anayelala kazini anawaibia wananchi. Simu hazikukatika.

Nadine Okerlund wa gazeti la mji, ambaye hajawahi kuona kosa la upande wao, ameandika kwamba Renata alikuwa "akitafakari". Nimecheka mpaka kahawa ikanitokea puani.

Jumanne, 8 Oktoba
Balaa. Lyle Brandvold, mgombea wetu, amelala kwenye ufunguzi wa maktaba. Amekoroma mbele ya watoto wa chekechea. Wakamwimbia wimbo wa kulala.

Nadine kampa ukurasa wa mbele wote: anayelala kazini anawaibia wananchi. Maneno yangu! Hana haya. Mimi nimewaeleza wasikilizaji kwamba Lyle alikuwa akitafakari.

Mke wangu Corinne aliniuliza, huku akipaka siagi mkate, tofauti iko wapi. Nikamweleza kwa upole kwamba ule wa Renata ni usingizi wa uvivu, huu wa Lyle ni wa uchovu wa kazi.

"Na wako wa kwenye kochi, Vern, ni wa chama gani?"

Nikauchukua mkate wangu. Hafuatilii siasa.

Jumatano, 9 Oktoba
Kesho ni mdahalo wa wagombea, ukumbi wa shule. Tunauendesha wawili, mimi na Nadine, eti ili haki itendeke. Bosi wangu Gordon amenionya: nikiaibisha kituo, kipindi changu atakigeuza cha muziki wa kodiani, kile kinanda cha kukunja na kukunjua.

Nina mpango. Chupa mbili za kahawa. Ya buluu, kahawa kali, ya Lyle. Nyekundu, kahawa iliyoondolewa nguvu ya kufukuza usingizi, ya Renata. Atalala mbele ya mji mzima. Nitakesha nikiandaa maswali. La Renata: kwa nini umeuangusha mji huu? La Lyle: unapenda nini zaidi katika mji huu?

Alhamisi, 10 Oktoba
Sijui nianzie wapi.

Nimefika na chupa zangu mbili. Nadine naye kafika na chupa mbili, macho mekundu kama yangu. Tukaangaliana. Lyle akasema kahawa humchoma tumbo. Renata alikuwa na chai yake ya kutoka nyumbani. Zikabaki chupa nne mezani, na sisi.

Nadine akanimiminia kikombe kutoka chupa yake, kwa adabu sana. Na mimi, kwa adabu hiyohiyo, nikammiminia kutoka ile nyekundu. Nilipoonja nikajua. Na yake imeondolewa nguvu. Kumbe mwanamke huyu ni mjanja wa kiwango changu.

Nakumbuka swali la kwanza. La pili silikumbuki.

Nimeamshwa na makofi. Ukumbi mzima umesimama. Nikainama kushukuru. Hayakuwa yangu. Lyle na Renata walikuwa wamevuta viti wakaongea wenyewe, na wamekubaliana kuhusu daraja la mtoni, lililofungwa tangu mwaka juzi. Wanapeana mikono. Watu wanafuta machozi.

Ijumaa, 11 Oktoba
Picha iko kwenye simu ya kila mtu. Kichwa changu kiko begani kwa Nadine. Kichwa cha Nadine kiko juu ya changu. Corinne ameibandika kwenye friji. Nikamuuliza kama haoni wivu. Akasema ndiyo mara ya kwanza ameniona karibu na mtu wa upande wao bila kugombana.

Gordon aliniita. Kodiani ilikuwa tayari juu ya meza yake, nimeiona kwa macho yangu. Lakini wasikilizaji wamepiga simu kusema hawajawahi kufurahia mdahalo kiasi hiki, na wanaomba tulale tena. Kipindi kimebaki changu.

Nadine naye kapiga. Tumekubaliana neno moja: hatukulala, tuliwaachia wagombea nafasi. Ni mtu mzuri, ukimzoea. Tumeahidiana kuanzia leo kosa litakuwa kosa, awe nani.

Jumapili, 13 Oktoba
Tamasha la maboga. Jua, watoto, harufu ya soseji. Lyle na Renata wamekuja pamoja kwa gari moja, wanacheka kama walisoma darasa moja. Na wakaliegesha mbele ya bomba la zimamoto, pasiporuhusiwa kuegesha! Nikakimbia na simu yangu.

Kisha nikasimama. Gari ni la Renata. Lakini aliyeshuka upande wa usukani ni Lyle.

Ng'ambo ya barabara nimemwona Nadine, naye amesimama, kalamu iko hewani. Tukapungiana mikono.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi niko hewani, na kichwa cha habari kiko tayari: kosa ni la mwenye gari.