Njiwa Aliyetiwa Bluu

Jumatatu, 4 Machi

Mkataba wangu unaisha Ijumaa. Meneja hajasema neno. Nimefanya uchunguzi: kila alfajiri, kabla ya kazi, huteremka bondeni nyuma ya kiwanda chetu cha magodoro, na darubini yake, kutazama ndege. Karani mwenzangu tunayemwita Miwani ameshaanza kumfuata. Mkataba wake nao unaisha Ijumaa. Mnafiki! Mtu anayeogopa kuku!

Leo nami nikaenda. Miwani akamwonyesha meneja ndege mdiria. Akasifiwa. Mimi niliona majani tu. Nikajikuta nasema kwamba jana nilimwona ndege wa bluu, shingo nyekundu, ukubwa wa njiwa. Meneja akashusha darubini. Hajawahi kumwona ndege kama huyo. Miwani akauliza analiaje. Nikasema alikuwa amenyamaza. Jibu safi kabisa.

Jumanne, 5 Machi

Tumemngoja ndege wangu hadi king'ora cha kazi. Hakutokea, na sikushangaa. Miwani akasema labda kahama, kwa sauti ya msibani. Meneja kaahidi kuja na kamera keshokutwa. Keshokutwa!

Nimerudi nyumbani sina hamu ya kula. Kisha nikachungulia uani. Mama mkwe anafuga njiwa. Mmoja ni mweupe pe.

Jumatano, 6 Machi

Kazi imekamilika. Mwili: bluu ya kufulia, ile mama mkwe anayotilia shuka zake. Shingo: rangi ya mdomo ya mke wangu. Njiwa kaninyea mara mbili, lakini kapendeza. Mke wangu kauliza rangi yake iko wapi. Nikamwambia apunguze kupoteza vitu. Nalala sebuleni.

Alhamisi, 7 Machi

Nilitangulia bondeni. Njiwa ndani ya boksi, boksi kichakani, kamba ya kifuniko kwenye kidole changu cha mguu. Meneja akafika na kamera, Miwani nyuma yake. Nikavuta kamba. Njiwa akatoka, akatembea kidogo kama mkaguzi, akaruka juu.

Meneja alipiga kelele! Miwani akakunja uso. Ushindi!

Njiwa akazunguka mara moja, akashika njia. Meneja akakimbilia gari, akatuamuru tuingie. Tukamfuata. Akakata kushoto penye kinu cha kusaga. Akapita juu ya kisima. Jasho likaanza kunitoka. Hiyo ndiyo njia ninayopita mimi kila jioni.

Akatua juu ya banda, uani kwangu. Mama mkwe alikuwa amesimama pale na kopo la mahindi.

"Haya we! Nani kakutia bluu yangu?" akamuuliza njiwa. Kisha akaniona. "Mkwe wangu, shati lako linakushinda kufua, njiwa ndiye umemuweza?"

Miwani akacheka mpaka miwani ikadondoka. Mimi nilikuwa natafuta pa kujificha. Nikajiona sina kazi, niko na mama mkwe kutwa nzima, tunatazamana.

Meneja naye akakaa kwenye kizingiti, akacheka, akajifuta machozi. "Mikataba yenu nyote wawili nimesaini tangu Jumatatu," akasema. "Nilikuwa nangoja mnyamaze kidogo niwaambie."

Nikakaa chini, juu ya mavi ya njiwa, na sikujali hata kidogo. Nilipumua mpaka vifungo vikalegea. Nina kazi!

Ijumaa, 8 Machi

Hukumu ya mama mkwe: kumwogesha njiwa, na kusafisha banda kila asubuhi kabla ya kazi. Nimeanza leo. Mke wangu kanisamehe, nusu. Njiwa amebaki na rangi ya mawingu.

Nikiwa na ufagio nimetafakari kosa lilikuwa wapi. Rangi ilishika. Kamba ilivutika vizuri. Kosa ni moja tu: njiwa ana kwao.

Nafasi ya msimamizi wa ghala inatangazwa mwezi ujao. Miwani ameshanunua darubini. Jirani yetu ana bata mweupe, mnene, hawezi kuruka hata uzio. Na bluu haijaisha.