Saruji ya Jino la Mama Mkwe

Wenzangu, leo nimebaki bila uso wa kutembea nao hapa Homa Bay.

Daktari amekwenda Migori na gari, nikaachiwa chumba cha meno peke yangu. Saa sita mchana, jua limekaa juu ya mabati, anaingia mama mmoja wa Kosele ameshika shavu. Mama mzazi wa Akinyi. Jumamosi hii wazee wangu wanakwenda kwake kuniombea huyo Akinyi.

Mnajua sisi Wajaluo: mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, sembuse kumtia vidole kinywani. Lakini jino lilikuwa na tundu, na fundi mwingine wa meno yuko Kisumu. Basi yeye akajifunika leso kutoka kichwani mpaka puani, akaacha kinywa tu, mimi nikatazama ukuta, na Nesi Rosa akasimama katikati kupeleka maneno. (Chumba chenyewe kina upana wa kitanda.)

Nikachanganya saruji ya meno juu ya kioo kilichotoka kwenye maji ya nyungu. Ilikuwa nzuri, inateleza kama asali. Ningeitia wakati huo, sasa hivi ningekuwa mtu. Ila mimi siwezi kuziba jino bila kueleza.

"Rosa, mwambie mama asiogope. Kioo kikiwa baridi, saruji hutiririka polepole, ikafika mpaka pembeni mwa tundu. Kikipata joto, inaganda kabla haijafika."

"Mama, anasema usiogope. Kioo ni baridi."

"Muulize huyo kijana, kwa nini apoze kioo na mimi ndiye ninayeungua?"

"Anauliza kwa nini..."

"Nimesikia, Rosa. Mwambie ni swali zuri sana."

Nikaeleza tena tangu mwanzo. Muda wote huo kioo nimekishika kiganjani. (Kiganja chenyewe kinachemka kwa hofu ya ukwe.)

Nilipochota, saruji ilikuwa ugali. Nikaisukuma hivyo hivyo, macho ukutani. Haikuingia tunduni. Ilikaa juu ya jino, ikashika pamba niliyoweka shavuni, na kwa joto la kinywa ikawa jiwe.

Nikavuta pamba. Kichwa cha mama kikaja nayo. Leso ikaanguka. Tukatazamana pua kwa pua, vidole vyangu vikiwa ndani ya kinywa chake.

Rosa alijifunika uso kwa aproni. Nilibandua saruji ile kipande kwa kipande, nikaziba upya, kimya kama mwizi.

Mama akajifunga leso, akafika mlangoni. "Rosa, mwambie huyo kijana. Nilipokuwa msichana niling'olewa meno sita ya chini, ndiyo ilikuwa desturi yetu. Hakuna aliyenieleza kitu. Na walimaliza mapema."

Wazee bado wanakwenda Jumamosi. Wameniagiza nikae nyuma na nisieleze chochote. Tafadhali msicheke. Akinyi alikuwa nje akimngoja mama yake, na ameshacheka kwa niaba yenu nyote.