Shawa ya Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Julai

Hapa Mwiki baridi imezidi. Mama Mkwe anakuja Jumamosi kukaa nasi mwezi mzima, kwa sababu ya kliniki ya magoti. Daktari amemkataza maji baridi. Nyawira, mke wangu, ameingoja ziara hii tangu Krismasi na ameshona hadi mapazia mapya. Asubuhi hii shawa ya umeme ikatoa maji baridi.

Nyawira akasema kwa upole (na upole wake ndio huniogopesha) kwamba isipotengenezwa kufikia Jumamosi, mama atapelekwa Kiganjo kwa dada yake Rachael. Yaani kwa Muriithi, mumewe Rachael na mkwe mwenzangu, yule anayedai akinywa chai kwetu husikia chumvi.

Akashauri tumwite Muthoka, jirani yetu, fundi wa stima. Simwiti. Muthoka alinishinda uenyekiti wa wapangaji wa ploti yetu kwa kura tisa dhidi ya moja. Nyawira mpaka leo hasemi alimpigia nani.

Jumatano, 9 Julai

Tatizo nimelijua. Vitundu vya shawa vimezibwa na ukoko mweupe, na maji yakiwa kidogo hita haiwaki. Nikazima swichi, nikaifungua shawa, nikailoweka kwenye maji ya ndimu. Nikazibua vitundu kimoja kimoja kwa sindano ya Nyawira. Vitundu sabini na viwili.

Maji yakatoka kwa nguvu. Baridi vilevile. Basi ni koili ya kupasha maji iliyokatika. Sindano nayo imevunjika.

Muthoka alipita koridoni akauliza kama nahitaji mkono. Nikamwambia naoga. Mlango ulikuwa wazi, nami nilikuwa nimevaa sweta na kofia.

Ijumaa, 11 Julai

Nimeenda Ruiru mjini kununua shawa mpya. Mwenye duka, Syombua, akaanza kwa kuuliza maji yetu ni ya kawaida au ya chumvi. Akaeleza kwamba hita ya maji ya chumvi koili yake imefunikwa ili isiguse maji.

Maji ya ploti yetu hutoka kisimani. Sufuria zetu zote ni nyeupe ndani. Lakini nyuma yangu alisimama nani? Muriithi, na balbu mkononi! Ametoka Kiganjo mpaka Ruiru kununua balbu. Nikajibu kwa sauti ya kusikika kwamba maji ya Mwiki ni matamu ajabu. Nikapewa ya kawaida.

Nimeifunga mwenyewe. Waya mmoja wa kijani ulibaki, nikaukata nikaweka mfukoni. Huenda ni wa akiba. Maji moto, mvuke mpaka dirishani. Nyawira akanikumbatia. Nilijihisi mwanaume wa nyumba.

Jumamosi, 12 Julai

Nikaoga wa kwanza. Raha. Niliposhika bomba kulifunga, vidole vikasisimka. Kidogo tu. Nikavaa slipa za mpira, nikafunga bomba kwa taulo kavu, mambo sawa.

Shida ni kumweleza Mama Mkwe. Kwetu mtu hazungumzi na mama mkwe habari za kuoga, afadhali ahame mtaa. Nikimwambia Nyawira amweleze, atamwita Muthoka. Kwa hivyo nikabandika karatasi mlangoni mwa bafu, kwa wino mwekundu: KARIBU SANA. VAA SLIPA. USIGUSE BOMBA. MUNGU AKUBARIKI.

Mama Mkwe alifika jioni na kikapu cha ndizi. Alisema amechoka, ataoga kesho kabla ya kanisa. Nyawira alicheka wakati wote wa chakula. Sijamwona hivyo siku nyingi.

Jumapili, 13 Julai

Mama Mkwe aliisoma karatasi. Akamuuliza Nyawira, si mimi, mtu anaogaje bila kugusa bomba. Nyawira akaingia kuonyesha na kuligusa kwa ncha ya kidole. Alipiga ukelele na kutoa neno la Kikuyu ambalo sikujua analijua, mbele ya mamake.

Muthoka akafika mbio na testa yake ya kupimia stima. Akazima swichi kubwa. Akauliza ni nani aliyefunga hita ya kawaida kwenye maji ya chumvi, na waya wa kijani, ule wa kuzuia mtu asirushwe na stima, umeenda wapi. Nikautoa mfukoni.

Mama Mkwe alifunga leso yake. Muriithi alikuja na gari saa nane. Nyawira naye akapakia nguo zake. Alisema hajakasirika, anataka tu kuwa na mamake. Ningependa angekasirika. Nyumba imekuwa kubwa na nina huzuni.

Jumanne, 15 Julai

Nyawira amepiga simu! Mama yuko tayari kurudi, kwa sharti moja: Muthoka afunge hita ya maji ya chumvi.

Nikamwambia kwamba Muthoka ameshaifunga leo asubuhi, na amekiri kazi yangu ilikuwa karibu sawa. Nyawira akaomba kuzungumza naye. Nikamwambia asubiri kidogo. Nikakohoa, nikashusha sauti kama Muthoka mwenyekiti, nikamsalimu, nikamhakikishia kwamba hita iko sawa na mume wake ni fundi wa kuzaliwa.

Kisha akasema, kwa upole, kwamba Muthoka yuko hapo sebuleni Kiganjo anakunywa chai. Muriithi amemwita atengeneze soketi. Simu ilikuwa kwenye spika, na Mama Mkwe amesikia yote.

Nimekata simu. Kesho Nyawira atapigiwa na mtu wa kampuni ya simu kumweleza kwamba laini ziliingiliana. Nimeanza kuifanyia mazoezi sauti yake. Ni nyembamba kidogo, na ana heshima sana.