Oili Nyekundu Wiki ya Harusi ya Levina

Jumapili, 2 Juni

Siku sita kabla ya harusi. Kikao cha mwisho cha familia kimekwisha, na nimeshinda. Gari litakalomleta Levina kanisani mjini kutoka kwao Kwihara ni langu. Si la Amon. Amon ni mjomba wa bibi harusi, ana pikapu ya gia za mkono, na kikaoni alisimama mara mbili kutukumbusha kwamba haijawahi kumwangusha. Mimi nilisimama mara tatu. Nikawaambia gari langu ni otomatiki, halirushirushi mtu, bibi harusi atafika shela likiwa limenyooka. Kina mama wakapiga vigelegele. Amon akaomba aongezewe chai.

Sikugombea kwa ajili ya sifa. Haya, na sifa pia. Lakini kaka yangu Leodgar, baba yake Levina, alinishika mkono wiki ile aliyofariki akaniomba siku ya harusi nimfikishe binti kanisani mimi mwenyewe. Nilikubali. Miaka minne imepita na bado nausikia mkono ule.

Jioni Pelagia, mke wangu, kaniita uani. Chini ya gari kuna matone. Mekundu. Nikamwambia ni nyanya za sokoni zimechuruzika. Akasema hatukununua nyanya.

Jumatatu, 3 Juni

Nimempelekea Fikiri gari, gereji yake ya karibu na stendi. Fikiri ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Tu watani tangu enzi babu zetu wanashuka pwani na mizigo na babu zake wanawacheka njiani. Ananisema anavyotaka, namsema ninavyotaka, na kukasirika ni mwiko. Mwaka jana alimchukua jogoo wangu mchana kweupe. Pelagia akamshikia mlango.

Akatia kidole kwenye tone, akalisugua, akalinusa. Akasema hii si ya injini, ya injini ingekuwa nyeusi. Ni ya gia boksi. Inavujia wapi hajui bado, maana chini kote kumelowa na vumbi limeganda juu yake. Anataka nimwachie gari siku mbili. Aoshe chini, aliendeshe kidogo, kisha alale chali aone tone la kwanza linaanzia wapi. Akaongeza kwamba nikizidi kuliendesha hivi, Jumamosi tutambeba bibi harusi begani, na sisi Wanyamwezi kazi ya kubeba tunaiweza.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikamwambia Mzaramo akisikia ngoma mtaa wa pili husahau spana ndani ya injini. Naye akacheka. Kisha akarudia habari ya siku mbili, uso kaukunja kabisa. Anajua kuigiza huyu! Nikawasha gari langu nikaondoka.

Jumanne, 4 Juni

Asubuhi nilitandaza boksi la karatasi chini ya gari nione kiasi. Saa mbili likawa na ramani nyekundu ukubwa wa sahani. Na hapo hapo Amon anaingia na pikapu kuleta viti vya wageni.

Nikafikiri haraka. Alipokuwa ndani anakunywa uji, nikalisukuma boksi chini ya pikapu yake. Nikamwita kwa sauti ya masikitiko. Nikamwonyesha. Nikampa pole. Amon akachuchumaa, akaangalia kwa muda mrefu. Akasema oili ya pikapu yake ni nyeusi, na boksi lenyewe limeandikwa jina la duka langu la daftari. Akamalizia uji wake akiwa amesimama, anatabasamu. Sipendi mtu anayetabasamu na uji mdomoni.

Mchana nimenunua oili ya gia boksi, lita nne. Muuzaji akanieleza kwamba kuna kijiti cha kupimia, na unapima injini ikiwa inawaka na imepata moto, gari likiwa mahali pa tambarare. Maelezo mengi kwa kitu kidogo. Kinachovuja unakiongezea mpaka kiwe na akiba. Nimemimina zote nne.

Jumatano, 5 Juni

Inavuja zaidi. Ajabu.

Nimelala chini ya gari tangu saa tatu hadi adhana ya adhuhuri. Pelagia alikuja mara mbili kuangalia kama napumua. Ila nimeligundua lile ambalo Fikiri alilitakia siku mbili! Juu ya gia boksi kuna kimrija kidogo, kina kitundu, na oili inatoka hapo na mapovu kama pombe inayochacha. Kitundu wazi kabisa. Kiwandani walisahau, au walichoka.

Nimechonga kijiti cha mninga. Nimekizungushia nta ya nyuki ambayo Pelagia aliletewa na dada yake wa Sikonge. Nimekipigilia kwa kisigino cha kiatu. Nikawasha gari, nikasubiri robo saa. Hakuna hata tone. Nimeoga, nimekula ugali mara mbili. Pelagia ameuliza nta yake iko wapi. Nimemwambia iko kazini.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepita kwa Fikiri makusudi, kumwonyesha pakavu. Nikamweleza yote, kijiti, nta, kisigino. Nilitegemea aone haya.

Akaweka spana chini. Akaniuliza nimeongeza oili kiasi gani. Nikamwambia. Akashika kichwa. Akasema kile kitundu ni cha gia boksi kupumulia. Mapovu yalitoka kwa sababu nimeijaza kupita kiasi, na sasa nimeiziba pumzi, kwa hiyo joto likipanda oili itasukuma mpaka ipate mlango mwingine. Mlango wenyewe utakuwa sili ya ekseli ya kushoto, yaani ule mpira unaozuia oili isitoke, ambao ndio aliokuwa ameushuku tangu Jumatatu. Akanisihi nisiliondoe gari hapo. Aliniita Baba Yohana, yeye ambaye kila siku huniita mpagazi.

Nikamwambia kwa kuigiza amezidi, aende redioni. Watu wa gereji wakacheka. Yeye hakucheka. Akaingiza mkono dirishani, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni.

Sikukasirika, mtani anachukua. Kwanza jogoo, leo ufunguo. Nikakaa kwenye tairi nikapiga soga naye mpaka alipokwenda kuswali alasiri. Kisha nikatoa ufunguo wa pili, ambao huwa nauweka kwenye soksi, nikaenda zangu. Atacheka akirudi.

Ijumaa, 7 Juni

Sitaki kuandika. Pelagia anasema niandike.

Asubuhi nilikwenda Kwihara kupima njia ya kesho. Levina akapanda, ana sanduku la kupeleka mjini kwa msusi. Shikamoo baba mdogo, marahaba mwanangu, tukaondoka vizuri. Kilomita mbili tu. Kwenye kimlima gari likaanza kunguruma bila kwenda. Nikakanyaga mafuta. Injini ikapiga kelele, magurudumu kimya. Nikarudisha gia kwenye P, nikaweka tena D. Likashtuka kidogo, likagoma kabisa. Nikashuka. Ndani ya gurudumu la mbele kushoto oili inamwagika, nyekundu, inatafuta njia kwenye mchanga.

Levina akashuka naye. Akatazama chini, akanitazama mimi. Akaniuliza taratibu kama kesho tutafika. Nikaokota jiwe nikaliweka nyuma ya tairi. Nilijisikia vibaya kuliko siku ya mazishi ya baba yake. Siku ile angalau halikuwa kosa langu.

Amon ndiye aliyepita. Kwa vyovyote angekuwa Amon. Akampakia Levina na sanduku, akampigia Fikiri simu. Fikiri akaja kwa pikipiki, akakataza gari kuvutwa kwa kamba huku magurudumu ya mbele yanazunguka, maana gia boksi ingekwisha kabisa. Akatafuta lori, gari likapandishwa juu yake. Nilikaa nyuma ya lori, ndani ya gari langu, nikipungiwa mkono na watu ninaowafahamu.

Gereji Fikiri akaanza kazi bila utani. Akang'oa kijiti cha mninga kwanza, hewa ikatoka ikapiga mluzi. Akatoa ekseli, akaitoa sili. Mdomo wake wa mpira ulikuwa umechanika. Akaweka mpya, akaigonga polepole pande zote ikae sawa. Akaosha chini kwa maji na sabuni. Akaongeza oili kidogo kidogo, injini inawaka, anapima kwa kile kijiti cha kupimia, anafuta, anapima tena. Saa kumi akaliendesha mpaka Kwihara na kurudi. Akalala chini na tochi. Pakavu. Akasema nina bahati ya ajabu, ndani hakujaungua.

Ndipo akaniuliza kwa nini sikumsikiliza. Nikamwambia nilidhani ni utani. Akasema utani ni wa watu, gia boksi haina kabila. Alionekana ameumia kweli. Nikamwomba radhi. Sikumbuki kama nimewahi kumwomba Mzaramo radhi, na nimemwambia asimwambie mtu.

Jumamosi, 8 Juni

Tumefika.

Lakini nieleze kwa mpangilio. Saa mbili asubuhi nilikuwa Kwihara, gari linang'aa, maua mbele. Levina akatoka. Sikumtambua kwanza. Akapanda nyuma na mama yake. Nawasha tu, huyo Fikiri, suti ya kijivu, tai, anajilaza chini mbele ya gurudumu. Kina mama wakapiga yowe la furaha, mtani kazuia njia, mtani hataki bibi harusi aondoke. Wakamzunguka wakiimba. Mmoja akamfunika kanga, mwingine akamletea soda. Fikiri chini ya kanga yuko na tochi ya simu anaangalia sili. Alipoinuka na vumbi mgongoni, soda mkononi, akainama dirishani akaniambia pakavu, nenda, ila usikimbize. Nadhani mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba hakuwa anatania.

Niliendesha mwendo wa baiskeli. Amon alikuwa nyuma na pikapu imejaa kwaya na ngoma, na hakupiga honi hata mara moja. Mlangoni mwa kanisa nikashuka, nikafungua mlango, nikampa Levina mkono. Akaushika kwa nguvu. Nililia. Nililia mbele ya padre, mbele ya Amon, mbele ya mpiga video. Kaka Leodgar, nimemfikisha.

Ningeishia hapo. Lakini ukumbini mshereheshaji alinipa kipaza sauti. Nikashukuru wote. Nikasema gari lilikuwa na tatizo kubwa la gia boksi wiki hii na nikalitatua. Nilitaka kumtaja Fikiri. Nilikuwa naelekea kumtaja. Ila vigelegele vilianza mapema, na mtu hawezi kusema juu ya vigelegele. Pelagia alikuwa anatazama pilau yake kama anatafuta mawe.

Jumapili, 9 Juni

Siku njema. Baada ya Misa amekuja kwangu Mzee Marko, baba yake bwana harusi, aliyelala mjini na leo anarudi Puge na maharusi ndani ya gari lake. Nalo otomatiki. Amenieleza kwa heshima kubwa kwamba tangu jana anaona matone chini ya gari hilo, na kwa kuwa amesikia mwenyewe ukumbini kwamba mimi ni mtaalamu, anaomba niangalie kabla hawajaondoka. Nikamwambia kwanza Fikiri yuko jirani. Kisha nikaona Levina ananitazama kibarazani, anajivunia baba yake mdogo. Nikaomba jeki.

Ninachokijua sasa ni kingi. Nimetandaza boksi. Nimegusa tone, nimelisugua, nimelinusa. Halina rangi wala harufu. Oili ya aina mpya, nadhani. Nimelala chali, nikaona nati kubwa katikati ya gia boksi, nikaweka beseni la Pelagia, nikaanza kufungua.

Fikiri amepita akielekea sokoni. Akainama, akatazama, akasema kwa uso uliokunjwa kwamba yale ni maji ya kiyoyozi, gari halina tatizo lolote, na nati hiyo nikiitoa nitaimwaga oili nzima ya gia boksi.

Watani hawana dogo. Nimecheka, nikaizungusha tena.